Jinsi ya kukagua louis d'or ya Louis XVI (1785–1792) kabla hujatoa pesa

Sarafu nyingi za dhahabu zinazouzwa kwa jina la louis d'or hazina uhusiano na mfalme aliyepoteza kichwa tarehe 21 Januari 1793. Nyingine ni za faranga 20 za karne ya 19, ambazo Wafaransa waliendelea kuziita louis kwa mazoea. Nyingine ni vibao vya shaba nyeupe au njano vya kuhesabia pointi kwenye karata. Zipo pia za kweli, zenye thamani yake, lakini zimewahi kugeuzwa kidani na alama ya kulehemu imefichwa kwa ustadi. Mwongozo huu unahusu aina moja: ile iliyoanza kupigwa baada ya tamko la mfalme la tarehe 30 Oktoba 1785, yenye kichwa kitupu cha mfalme mbele na ngao mbili nyuma. Aina nyingine zinatajwa pale tu zinapoweza kukuchanganya.

Vifaa ni vichache. Tafuta mizani ya sonara inayosoma gramu 0.01 (ya 0.001 ni bora zaidi), pamoja na uzani wa kuihakikishia. Ongeza kalipa (kifaa cha kupimia upana na unene) ya plastiki, lenzi ya kukuza mara 10, sumaku kali, glasi ya maji safi, uzi mwembamba wa nailoni na taa ya mezani unayoweza kuiinamisha. Kalipa ya chuma nayo inafaa ukibandika karatasi ya gundi kwenye meno yake. Dhahabu ya karati 22 ni laini, na mkwaruzo mmoja ukingoni unaonekana milele.

Usiisafishe. Usitumie dawa ya meno, magadi, wala kitambaa cha kung'arisha vito. Uso uliosuguliwa unapoteza mng'ao wa asili wa mahali chuma kilipotiririka wakati wa kugongwa, na mnunuzi mwenye jicho atakukata bei papo hapo. Ishike ukingoni kwa vidole viwili, juu ya kitambaa, ili ikiteleza isidunde sakafuni.

Hatua ya kwanza: mizani

Wanaoanza hukimbilia kusoma maandishi. Anza na uzito, kwa sababu maandishi huigwa kirahisi kuliko uzito, na kwa sababu kila mabadiliko ya fedha ya wafalme wa Ufaransa yaliacha alama yake kwenye gramu.

Kipimo cha viwanda vya sarafu vya Ufaransa kilikuwa mariki ya Paris, gramu 244.75, iliyogawanywa katika chembe 4,608. Amri ya mfalme haikutaja uzito wa sarafu moja. Ilitaja idadi ya sarafu zitakazotoka kwenye mariki moja ya dhahabu ya karati 22. Gawanya, upate uzito. Louis d'or ya kwanza, iliyoanzishwa na Louis XIII tarehe 31 Machi 1640, ilikuwa sarafu 36 na robo kwa mariki, yaani gramu 6.75. Ilifuata kwa makusudi uzito wa sarafu ya Hispania ya eskudo mbili, ambayo ndiyo iliyokuwa imejaa mifukoni mwa wafanyabiashara wa Ufaransa. Mchongaji wake alikuwa Jean Warin, na ilipigwa kwa mashine ya skrubu badala ya nyundo. Ndiyo maana ni ya mviringo kamili, na ndiyo maana wezi wa kupunguza kingo walipata taabu nayo.

Uzito ukayumba sana mwanzoni mwa utawala wa Louis XV. Mwaka 1716 ilitoka louis ya gramu 12.23, inayoitwa ya Noailles. Mwaka 1718 ikaja ya gramu 9.79, yenye msalaba wa Malta. Kati ya 1723 na 1725 ilipigwa ya gramu 6.52 tu, maarufu kwa jina la mirliton. Mwaka 1726 mambo yakatulia: sarafu 30 kwa mariki, gramu 8.158, na bei ya livre 24 (livre ilikuwa fedha ya hesabu ya Ufaransa) iliyodumu karibu miaka sitini. Louis XVI aliporithi ufalme mwaka 1774 aliendelea na kipimo hichohicho.

Kisha ikaja 1785. Ndani ya Ufaransa dhahabu ilihesabiwa kuwa na thamani ya fedha mara 14.5 hivi, wakati nchi jirani zililipa zaidi. Matokeo yake yalikuwa ya kawaida: dhahabu ikahama. Waziri wa fedha, Calonne, akapandisha uwiano hadi 15.5 kwa kupunguza uzito wa louis bila kugusa bei yake. Mariki moja ikaanza kutoa sarafu 32, zenye chembe 144 kila moja, yaani gramu 7.649. Louis kuukuu ya livre 24 ilipokelewa kiwandani kwa livre 25. Mwenye nayo aliona amefaidi, na hazina ya mfalme ikabaki na tofauti, maana sarafu 32 za livre 24 ni livre 768, na sarafu 30 za livre 25 ni 750 tu. Louis kuukuu nyingi ziliyeyushwa wakati huo. Kwa hiyo louis ya Louis XVI ya kati ya 1774 na 1784, yenye mfalme aliyevaa nguo rasmi na uzito wa gramu 8.158, leo ni adimu kuliko hii tunayoizungumzia.

Sasa weka yako kwenye mizani. Louis iliyotembea mikononi mwa watu kwa kawaida itasoma kati ya 7.55 na 7.65. Louis maradufu, ya livre 48, inapaswa kuwa karibu na 15.30.

Ukiona 6.45, acha kutafuta 1785. Hiyo ni faranga 20, iliyotokana na sheria ya mwaka 1803: sarafu 155 kwa kilo moja ya dhahabu ya 0.900, upana wa milimita 21. Mtego mkubwa hapa ni ile ya Louis XVIII, 1814 hadi 1824. Jina la Louis lipo, ufalme upo, ngao ya maua ya yungiyungi ipo, na muuzaji hadanganyi akisema ni louis ya mfalme. Lakini ni ya Louis mwingine, na dhahabu iliyomo ni gramu 5.8 badala ya karibu 7.

Ukiona 7.30 au chini, na sura ni ya 1785 kweli, kagua ukingo kabla ya kuamua ni bandia. Huenda imepunguzwa kwa tupa, au ilitobolewa na tundu likazibwa kwa chuma kingine. Ukiona zaidi ya 7.70, ongeza shaka, kwa sababu viwanda vilikuwa vikipunguza sarafu nzito kabla ya kuzipiga. Havikuwa na sababu ya kumpa mtu dhahabu ya bure.

Hatua ya pili: upana, unene, mgeuko

Upana wa louis ni milimita 24 hivi, ya maradufu ni 29 au pungufu kidogo. Unene wa wastani ni karibu milimita 1. Uhusiano wa vipimo hivi na uzito ndio unaowaumbua waigaji: shaba nyeupe au njano ina nusu tu ya densiti (uzito kwa ujazo) ya dhahabu hii, kwa hiyo nakala ya shaba yenye upana sahihi na uzito sahihi italazimika kuwa nene maradufu. Nakala nyingi zina upana sahihi, unene sahihi, na uzito wa gramu 3 au 4.

Vibao vya karata vilivyotengenezwa kwa wingi Nürnberg, Ujerumani, huanguka kwenye mtihani huu mara moja. Ni vyembamba, vyepesi, na herufi zake zimevurugwa kwa makusudi ili mtengenezaji asishtakiwe kwa kughushi. Havina hila, hila ni ya anayeviuza.

Sasa igeuze. Shika sarafu kati ya kidole gumba na cha shahada, kushoto na kulia, kichwa cha mfalme kikiwa wima, kisha izungushe juu kwenda chini mpaka nyuma ije mbele. Ngao za upande wa pili zinapaswa kuonekana na taji juu. Kwa lugha ya saa, mgeuko ni kwenye namba 6 ya uso wa saa. Kupinda kidogo si tatizo, kwani mihuri ya chuma ilifungwa kwa mkono. Bandia nyingi za kitalii hupigwa kwa mgeuko wa medali, ambapo unageuza kushoto kwenda kulia ndipo upande wa pili ukae wima.

Ukingo uwe na mistari ya mshazari, kama kamba iliyosokotwa. Zungusha sarafu nzima chini ya lenzi. Mstari mnyoofu unaopita katikati ya ukingo kuizunguka sarafu yote ni alama ya kalibu mbili zilizokutana, yaani sarafu imemiminwa, haikugongwa.

Hatua ya tatu: kuisoma

Mbele kuna kichwa cha mfalme kinachotazama kushoto, bila taji wala nguo, kazi ya mchongaji Benjamin Duvivier. Maandishi ni LUD. XVI D. G. FR. ET NAV. REX, Kilatini kilichofupishwa: Louis wa 16, kwa neema ya Mungu, mfalme wa Ufaransa na Navarre. Navarre imo kwa sababu Henri IV alikuwa tayari mfalme wake alipoirithi Ufaransa mwaka 1589. Nyuma kuna ngao mbili zilizokaa bega kwa bega chini ya taji moja: moja ina maua matatu ya yungiyungi ya Ufaransa, nyingine minyororo ya Navarre. Kuzizunguka kumeandikwa CHRS. REGN. VINC. IMPER., Kristo anatawala, anashinda, anaamuru, maneno yanayoonekana kwenye dhahabu ya Ufaransa tangu Louis IX, karne ya 13. Mwaka uko upande huohuo.

Utaona hakuna bei. Hilo si kasoro. Mfalme alipendelea sarafu isiyotaja thamani yake, ili aweze kuipandisha au kuishusha kwa amri bila kugusa chuma. Kwenye dhahabu, maneno 24 LIVRES yanakuja na sarafu ya Jamhuri ya 1793. Kati ya hizo mbili kuna sarafu ya kipindi cha Katiba: uzito uleule, lakini maandishi sasa ni ya Kifaransa, LOUIS XVI ROI DES FRANÇOIS, mfalme wa Wafaransa na si wa Ufaransa tena. Nyuma yake kuna malaika wa Augustin Dupré anayeandika katiba, na maneno REGNE DE LA LOI, utawala wa sheria. Ni adimu kuliko ya ngao mbili, na bei yake huruka, kwa hiyo bandia zake pia ni nyingi zaidi. Ukiletewa moja kwa bei ya ngao mbili, jiulize kwa nini.

Chini ya ngao kuna herufi ya kiwanda. A ni Paris, AA ni Metz, B ni Rouen, BB ni Strasbourg, D ni Lyon, H ni La Rochelle, I ni Limoges, K ni Bordeaux, M ni Toulouse, N ni Montpellier, Q ni Perpignan, R ni Orléans, T ni Nantes, W ni Lille. Herufi ya Paris inapatikana kila soko. Za viwanda vidogo, hasa katika miaka ya mwisho, zinaweza kubadilisha bei kabisa. Ndiyo sababu watu huchonga. Weka taa pembeni kwa mshazari na utazame sehemu bapa inayozunguka herufi: ikiwa imechimbika au inang'aa tofauti na sehemu nyingine, herufi imebadilishwa.

Halafu tafuta nukta chini ya D ya LUD. Ikiwapo, sarafu ilipigwa nusu ya pili ya mwaka. Isipokuwapo, ni nusu ya kwanza. Wauzaji wengi hawaiandiki, na wanunuzi wengi hawaiulizi.

Kuhusu pembe ya Strasbourg. Zipo louis za 1786 BB zenye kinundu juu ya paji la uso wa mfalme, kinachofanana na pembe. Hadithi inayouzwa pamoja nazo ni kwamba pembe hiyo, ishara ya mume aliyesalitiwa, ilikuwa kejeli kwa mfalme, baada ya kashfa ya mkufu wa almasi iliyomhusisha malkia na Kadinali de Rohan, askofu wa Strasbourg. Maelezo makavu zaidi ni muhuri uliovunjika, chuma kikajaa kwenye ufa. Kwa mnunuzi, linalohesabiwa ni hili: pembe ya kweli imeinuka pamoja na uso, bila mikwaruzo ya kifaa kuizunguka. Iliyotengenezwa kwa kusukuma chuma huacha bonde dogo kando yake.

Hatua ya nne: uso na majeraha

Kabla ya kupigwa, vipande vya dhahabu vilipimwa kimoja kimoja, na kilichozidi kilipunguzwa kwa tupa. Mikwaruzo hiyo mara nyingi haikufutika wakati wa kugongwa. Inaonekana kama mistari sambamba, zaidi kwenye ngao au kwenye shavu la mfalme, na inakatika au kufifia mahali picha ilipoinuka sana. Usiihesabu kama uharibifu, ingawa inapunguza bei kidogo. Mkwaruzo wa baadaye hupita juu ya kila kitu: unakata herufi, unakata nywele, na kingo zake ni kali.

Ukinunua louis ya Louis XIV ya kati ya 1690 na 1709, utakutana na jambo jingine. Katika vita vyake vya muda mrefu, mfalme huyo hakuwa na subira ya kuyeyusha sarafu kuukuu. Mwishoni mwa 1689 aliyeyusha hata samani za fedha za kasri la Versailles; kwa dhahabu, aliamuru sarafu za watu zirudi kiwandani, zigongwe picha mpya juu ya ile ya zamani, kisha zirudi mitaani kwa bei ya juu. Picha mbili zinazoonekana pamoja kwenye sarafu hizo ni kitu cha kawaida. Kwenye louis ya 1785 si kawaida: hiyo ilipigwa kwa chuma kilichoyeyushwa upya kwa uzito mpya, kwa hiyo kivuli cha picha nyingine kikionekana, uliza maswali.

Alama ya kidani itafute ukingoni juu ya kichwa, kisha chini kabisa, kisha upande wa nyuma juu ya taji. Unatafuta ukingo uliolainika, mistari ya mshazari iliyokatika kwa milimita 3 au 4, au rangi ya njano iliyopauka. Lehemu ina karati ya chini kuliko sarafu, kwa hiyo hubadilika rangi kabla yake. Sarafu ya namna hii ni ya kweli, na dhahabu yake ipo, lakini ilipie bei ya dhahabu tu.

Hatua ya tano: maji

Huu ndio mtihani unaostahili muda wako, kwa sababu hauachi alama na haudanganywi na mchovyo.

Pima sarafu ikiwa kavu, andika. Weka glasi ya maji juu ya mizani, bonyeza sifuri. Funga sarafu kwa uzi, ichovye kwanza kwenye chombo kingine chenye maji na tone moja la sabuni ili viputo viachie, kisha ishushe kwenye glasi mpaka izame yote bila kugusa sakafu wala pembeni. Namba unayoisoma ni ujazo wa sarafu kwa sentimita za ujazo. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo.

Mfano: 7.62 kugawanya kwa 0.435 ni 17.5. Louis nzuri huangukia kati ya 17.2 na 18.0. Kiwango kinatanuka kwa sababu karati 22 za amri mara nyingi zilitoka pungufu kidogo kiwandani, na kwa sababu mchanganyiko una shaba na fedha kwa viwango tofauti. Fedha iliyochovywa dhahabu itakupa 10 hadi 11, risasi 11, shaba chini ya 9. Ukipata zaidi ya 19, ndani huenda mna tangsteni au platinamu.

Mambo yanayoharibu kipimo ni matatu. Viputo huongeza ujazo na kushusha densiti, kwa hiyo sarafu nzuri inaonekana mbaya. Sarafu ikigusa chini, namba inaruka hadi gramu kadhaa. La tatu ni gumu kuligundua: mizani za bei nafuu hujirudisha zenyewe kwenye sifuri zikihisi mabadiliko ya polepole, zikidhani ni upepo. Ukishusha sarafu taratibu mno, sehemu ya uzito inamezwa, na densiti inaonekana kubwa kupita kiasi. Ishushe kwa mwendo mmoja, rudia mara tatu, na kabla ya yote jaribu kwa pete au sarafu unayoijua. Mizani ya 0.01 itakupa 0.43 au 0.44, yaani 17.7 au 17.3, hiyo inatosha kukataa bandia, haitoshi kubishania karati.

Sumaku inakuja baada ya hapo, na ina kazi ndogo: ikivuta, sarafu si dhahabu. Isipovuta, hujajua kitu, kwani hata shaba haivutwi. Mashine ya eksirei ya sonara husoma ngozi ya juu tu, hivyo mchovyo mnene huipita. Jiwe la kusugulia na tindikali usikubali kabisa. Sonara anayesugua ukingo amejua karati, wewe umebaki na sarafu iliyojeruhiwa.

Zile ngumu zaidi ni bandia za dhahabu halisi, zenye uzito sahihi, zilizogongwa kwa muhuri ulionakiliwa kutoka sarafu ya kweli. Maji hayazikamati. Hapo unarudi kwenye lenzi: nakala hurithi majeraha ya mama yake. Ukikuta sarafu mbili zenye pengo dogo mahali palepale ukingoni na mkwaruzo uleule shavuni, angalau moja ni ya uongo. Kabla ya kununua ya gharama, linganisha picha zake na zilizouzwa kwenye minada ya miaka iliyopita.

Bei

Anza na sakafu: uzito mara 0.90 mara bei ya gramu ya dhahabu safi ya siku hiyo. Kwa gramu 7.62 unapata gramu 6.86 za dhahabu. Juu ya hapo unalipia hali, kiwanda na mwaka. Wafaransa hupanga hali kwa herufi: TB ni iliyochakaa lakini inasomeka yote, TTB ina nywele za mfalme zilizolainika juu tu, SUP ina sehemu kubwa ya mng'ao wake, na FDC haijatembea kabisa. Nyingi ni TTB. Paris ya TTB isiyo na kovu haipaswi kukugharimu mbali sana na sakafu, na muuzaji anayetaka maradufu akuonyeshe sababu kwenye chuma, siyo kwenye hadithi.

Tahadhari moja kwa wanunuzi wa pwani yetu. Ukiambiwa louis ya 1785 imeokotwa Kilwa au Zanzibar, penda hadithi lakini shikilia pesa. Wafaransa walikuwapo kweli: tarehe 14 Septemba 1776 mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Morice aliwekeana mkataba na sultani wa Kilwa wa kununua watumwa 1,000 kila mwaka. Lakini bei iliyoandikwa ni piastre 20 kwa kila mtu, sarafu ya fedha ya Hispania. Biashara ya Bahari ya Hindi ilikwenda kwa fedha. Louis d'or ilikuwa pesa ya Ulaya.

Kuhifadhi, tumia kifuko kisicho na PVC, kwa sababu plastiki hiyo hutoa ute wa kijani unaong'ang'ania shaba iliyomo kwenye mchanganyiko. Andika kando uzito, densiti, herufi, nukta na tarehe uliyopima, uweke pamoja na sarafu.